Seji nyeupe yangu ilikufa masika: je, mmea huu unaweza kuishi Dar es Salaam?

SWALI: "Habari za kazi, mtaalamu. Ninaishi Mbezi Beach na nina bustani ndogo yenye udongo wa kichanga. Mwaka jana wifi yangu aliyeko Marekani alinitumia ndani ya bahasha mbegu za seji nyeupe, ule mmea wa huko wenye majani meupe ya kufukizia. Nilizipanda mwezi Februari kwenye ndoo za plastiki nilizozitoboa na kutia kokoto chini, nikachanganya udongo na samadi ya ng'ombe kama jirani alivyonishauri, nikawa namwagilia asubuhi na jioni. Mbegu zilizoota zilikuwa chache, na miche ilikuwa ya kijani, si myeupe kama kwenye picha, nikashuku kuwa mbegu si zenyewe. Ilipofika Aprili mashina yakawa meusi pale yanapogusana na udongo, miche ikalala na yote ikafa. Nilitaka majani ya kufukizia nyumba, maana nimesoma kuwa moshi wake unaua asilimia 94 ya vijidudu vya hewani na kufukuza mbu. Nilitaka pia chai kwa ajili ya mama mkwe wangu, ambaye ana kisukari na presha. Tuna mtoto wa miezi minane anayekohoa mara kwa mara, nikafikiri moshi huo ungemsaidia. Je, nijaribu tena, au mmea huu hauwezi kuishi Dar? Na vile vicha vilivyokaushwa vinavyouzwa mtandaoni vinafaa?"

JIBU: Dada yangu, nitaanza na mtoto, kwa sababu mmea unaweza kusubiri hadi mwezi Juni lakini yeye hawezi kusubiri. Tafadhali usifukize seji nyeupe, wala ubani, wala udi, wala jani lingine lolote, katika nyumba anamolala mtoto wa miezi minane anayekohoa. Moshi wa mmea wowote unaoungua, hata ule unaonukia vizuri, umebeba gesi ya kaboni monoksaidi na chembe ndogo sana ambazo pua na koo haziwezi kuzizuia, hivyo hufika hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Mtoto wa umri huo ana njia nyembamba za hewa na huvuta pumzi mara nyingi zaidi kwa dakika kuliko wewe, kwa hiyo mkiwa katika chumba kimoja yeye hupokea moshi mwingi zaidi kulingana na uzito wa mwili wake. Njia hizo zikivimba hata kidogo tu, nafasi ya hewa kupita hupungua sana.

Ile asilimia 94 uliyoisoma ina asili yake, na ni vyema uijue. Inatokana na utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na wanasayansi wa India, ambao walichoma ndani ya chumba mchanganyiko wa kuni na mitishamba mingi inayotumiwa katika ibada za Kihindu, kwa muda wa saa nzima, kisha wakapima upungufu wa bakteria waliokuwa hewani. Seji nyeupe haikuwamo katika mchanganyiko huo. Baadaye watu waliokuwa wakiuza seji waliichukua namba ile na kuibandika kwenye bidhaa yao, na tangu hapo imekuwa ikinukuliwa kana kwamba ilipimwa juu yake. Zaidi ya hayo, kikohozi cha watoto wa umri huo mara nyingi huletwa na virusi vinavyopita kutoka kwa mtu hadi mtu, na kupunguza bakteria wa hewani kwa saa moja hakuondoi virusi vilivyokwisha kuingia mwilini mwake.

Mpeleke mtoto kliniki ili kikohozi hicho kinachorudi kichunguzwe, kwa sababu huenda ni pumu, mzio, au hata moshi wa jiko la mkaa unaoingia ndani. Akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima: kwa mtoto mwenye umri kati ya miezi 2 na 12, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni haraka kupita kawaida, na hiyo ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukiona kifua kinabonyea kwa ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya, akilegea au akipata degedege, usisubiri kupambazuke. Ninalitaja degedege kwa makusudi, kwa kuwa bado zipo nyumba ambamo mtoto aliyeshikwa na degedege hufukizwa kwanza ndipo apelekwe hospitali, na muda unaopotea hapo, hasa kama ni malaria kali, hauwezi kurudishwa. Vilevile mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye mimea ya aina hii yana kafuri, na kafuri ikimezwa na mtoto inaweza yenyewe kuleta degedege. Kwa hiyo chupa ya mafuta ya seji isikae mahali anapoweza kuifikia, na usimpake puani wala kifuani.

Sasa tuje kwenye miche yako. Mbegu zako zilikuwa zenyewe au hazikuwa, siwezi kuthibitisha bila kuziona, lakini mambo mawili yaliyokutia shaka si ushahidi wa udanganyifu. Seji nyeupe, ambayo wataalamu wa mimea huiita Salvia apiana, inajulikana kwa kuota kwa uchache. Mtu akipanda mbegu kumi na zikaota mbili au tatu, hajafanya vibaya. Mbegu zake huhitaji mwanga ili ziamke, kwa hiyo ukizifukia chini ya udongo nyingi hubaki zimelala hadi zinaoza. Ama kuhusu rangi, miche michanga ya seji nyeupe huwa ya kijani. Weupe ule unaouona kwenye picha hutokana na vinyweleo laini vinavyofunika jani lote, na vinyweleo hivyo huongezeka kadiri mmea unavyokomaa na kupata jua kali. Kazi yake ni kurudisha sehemu ya mwanga wa jua na kutuliza hewa iliyo karibu na ngozi ya jani ili maji yasipotee haraka. Mche uliokuzwa kivulini, au uliolishwa na kunyweshwa kupita kiasi, hukawia kuvivaa.

Kipimo kizuri ni pua yako. Seji nyeupe ni ya ukoo mmoja na mrehani, kivumbasi na rozimeri, na ina shina la pembe nne unaloweza kulihisi kwa vidole. Ukilisugua jani lake utasikia harufu kali inayokaribia ile ya mkaratusi, kwa kuwa mafuta yake yana kwa wingi sineoli, kemikali ileile iliyomo katika mafuta ya mkaratusi, pamoja na kafuri. Jani lenye harufu ya majani mabichi tu halikuwa lenyewe.

Kilichoua miche yako, kwa dalili ulizozieleza, ni ugonjwa ambao mabwana shamba huuita kinyausi. Shina jeusi pale linapogusa udongo, mche unaolala ukiwa bado na majani, na kifo kinachoenea kutoka ndoo moja hadi nyingine mvua zinapoanza: hizo ni alama zake. Huletwa na vimelea vinavyofanana na ukungu, kama Pythium na Phytophthora, ambavyo vingi hukaa udongoni bila kuleta madhara hadi udongo unapojaa maji, na hapo hutoa mbegu ndogo zinazoogelea hadi kwenye mizizi. Hata hivyo ni rahisi mno kuvilaumu vimelea na kuusahau mlango vilioingilia, na mlango huo ndio ninaotaka uuelewe, kwa sababu bila kuuelewa utanunua dawa ya ukungu, utanyunyizia, na mwaka unaofuata miche itakufa tena.

Kwao seji nyeupe ni vilima vya kusini mwa jimbo la California na upande wa pili wa mpaka, Baja California nchini Meksiko. Huko mvua hunyesha wakati wa baridi, na kiangazi huwa kikavu kabisa. San Diego, ambao uko katikati ya makazi yake ya asili, hupata takribani milimita 250 za mvua kwa mwaka mzima. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000, na sehemu kubwa ya hizo humwagika kati ya Machi na Mei, wakati udongo bado una joto la kaskazi. Kwa hiyo tofauti si wingi wa mvua peke yake. Kule maji huja wakati wa ubaridi na joto huja wakati wa ukavu, ilhali kwetu joto na maji huja kwa pamoja, na mmea huu haukuumbwa kukabili viwili hivyo kwa wakati mmoja.

Mzizi ni kiungo kilicho hai na huhitaji oksijeni kama wewe. Oksijeni hiyo huipata kutoka kwenye nafasi zilizopo kati ya chembe za udongo. Udongo ukijaa maji, nafasi hizo huzibwa, na hewa hupenya ndani ya maji polepole sana ikilinganishwa na inavyopita katika nafasi zilizo wazi. Udongo ukiwa wa moto jambo huzidi kuharibika kwa pande zote mbili, kwa kuwa maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na papo hapo mzizi ulio kwenye joto huhitaji oksijeni nyingi zaidi ili uendelee kufanya kazi. Mche unaokosa hewa namna hiyo hudhoofika katika ncha za mizizi, sukari huvuja kupitia majeraha hayo, na vimelea huifuata sukari. Mnyauko unaouona juu hutokea kwa sababu mizizi iliyooza haiwezi kuvuta maji hata kama imezungukwa nayo, na hapo ndipo mtu mwenye huruma huongeza kumwagilia, akidhani mmea una kiu.

Jirani yako hakukushauri kwa nia mbaya. Samadi na maji asubuhi na jioni ndiyo malezi sahihi ya mchicha, matembele na figili, mboga zinazotakiwa kukua upesi na kutoa majani laini. Seji nyeupe hukua polepole katika udongo maskini wenye mawe, na ukiipa naitrojeni nyingi hutoa matawi marefu laini yasiyo na vinyweleo vya kutosha, ambayo ukungu huyapenda na harufu yake ni hafifu. Kadhalika zile kokoto ulizotia chini ya ndoo hazikukusaidia. Watu wengi huamini kwamba tabaka la kokoto hufanya maji yatoke upesi, lakini maji hayatoki kwenye udongo wenye chembe ndogo kuingia kwenye kokoto zenye nafasi kubwa mpaka udongo wa juu uwe umejaa kabisa; hubaki yameshikiliwa humo kama katika sponji iliyotolewa kwenye ndoo. Matokeo yake ni kwamba sehemu yenye maji hupanda juu, karibu zaidi na mizizi michanga. Kokoto zinafaa zikichanganywa ndani ya udongo wote.

Kuna jambo ambalo hukulitaja, nami ningependa ulichunguze. Nyumba nyingi za ukanda wako hutumia maji ya kisima, na visima vingi vya pwani vina chumvi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo wa vyungu au kwenye ukingo wa ndoo ya kumwagilia, chumvi inajilimbikiza. Maji ya bomba ni bora kuliko hayo, na maji ya mvua uliyoyakinga kutoka kwenye paa na kuyatunza kwenye pipa ni bora zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie mchanga wa ufukweni kuchanganyia udongo, hata kama uko karibu na ni wa bure.

Je, ujaribu tena? Ndiyo, ukijua unachotarajia. Katika jiji letu seji nyeupe itaishi ndani ya chungu, chini ya uangalizi, na huenda isifikie kimo cha mita moja na zaidi inachofikia kwao, wala isitoe maua. Usiku wa Dar es Salaam una joto, na mmea hutumia usiku sehemu ya chakula ulichotengeneza mchana; joto likiwa kubwa matumizi huongezeka na akiba hupungua. Sidhani kama utakuwa na kichaka cha kuvuna kila wiki. Ungekuwa na ndugu Dodoma, ambako hewa ni kavu, usiku hupoa na mvua hukatika kwa zaidi ya nusu mwaka, ningekushauri umpe nusu ya miche yako bila kusita.

Anza mwezi Juni, masika yakiisha na kipupwe kikiingia. Huo ndio wakati ambapo hali yetu ya hewa inakaribia kidogo kile ambacho mmea huu umekizoea, na utakuwa na miezi kadhaa ya kuujenga kabla ya mvua za vuli. Tumia chungu cha udongo wa kuchomwa kisichopakwa rangi, kwa sababu kuta zake hupitisha hewa na unyevu ilhali plastiki haipitishi. Changanya sehemu tatu za mchanga mnene wa mto uliooshwa, sehemu moja ya kokoto ndogo au matofali ya kuchoma yaliyopondwapondwa, na sehemu moja ya mboji iliyoiva kabisa, isiyo na joto wala harufu ya zizi. Mimina maji juu yake ujaribu: yakikaa juu kama dimbwi kwa sekunde kadhaa kabla ya kuzama, ongeza mchanga.

Loanisha udongo kwanza, kisha tawanya mbegu juu na uzikandamize kidogo kwa kiganja bila kuzifukia. Weka mahali penye mwanga mwingi usiokuwa jua la moja kwa moja la mchana, na unyunyize maji kwa chupa yenye matone laini pale tu uso wa udongo unapoanza kukauka. Nyingi ya zinazoota huonekana kati ya wiki ya pili na ya nne, nyingine huchelewa zaidi, kwa hiyo usitupe chungu mapema. Mche ukifikisha majani sita hivi, uhamishie kwenye chungu chake chenye upana wa sentimita 15, na uanze kuuzoesha jua la asubuhi taratibu, kwa muda wa saa moja au mbili kwanza, hadi mche uweze kustahimili jua kwa muda wa saa sita kila siku. Vyungu vikubwa kwa miche midogo ni kosa linalofanana na kumwagilia kupita kiasi, kwa kuwa udongo usio na mizizi hukaa na maji muda mrefu.

Kuhusu maji, acha ratiba na utumie kidole. Kiingize hadi kiungo cha pili. Kama unahisi ubaridi wa unyevu, ondoka. Kama pamekauka, mwagilia asubuhi hadi maji yatokee chini, kisha usiguse tena mpaka pakauke. Elekeza maji kwenye udongo, kamwe si kwenye majani, kwa sababu vinyweleo vilivyoumbwa kuzuia upotevu wa maji penye ukavu hushika matone katika hewa yetu nzito, na madoa ya ukungu huanzia hapo. Acha nafasi ya kutosha kati ya chungu na chungu, na uchague upande wa nyumba unaopigwa na upepo. Dalili za mvua zikianza, iwe vuli au masika, peleka vyungu chini ya upenu au chini ya bati linaloonyesha mwanga, pande zote zikiwa wazi. Ukumbini ndani usiviweke kwa zaidi ya siku chache, kwani mwanga hautoshi. Inzi weupe na utitiri wakionekana chini ya majani, kata sehemu iliyoshambuliwa na uichome. Kwa mmea mdogo hilo hutosha.

Usivune chochote mpaka mmea utimize mwaka mmoja, na hata hapo usichukue zaidi ya theluthi ya matawi laini kwa mara moja. Kata juu kidogo ya pale majani mawili yanapotokea, bila kuingia kwenye sehemu iliyokwisha kuwa mti, kwa kuwa huko mara nyingi haichipui tena. Kukausha Dar ni kazi inayotaka subira. Ning'iniza matawi machache machache kivulini penye upepo, wakati wa kipupwe na si wa mvua, na usiyafunge pamoja hadi jani livunjike kwa sauti unapolikunja. Kicha kinene kilichofungwa kikiwa kibichi huota ukungu katikati huku nje kikionekana kikavu, na kufukiza ukungu ni kuuvuta kifuani.

Nikirudi kwenye matumizi, ninakuomba usimpe mama mkwe wako chai ya seji nyeupe. Mmea huu haujafanyiwa utafiti wa kutosha kwa binadamu kuweza kusema kiasi gani ni salama, na ndugu yake, ile seji ya jikoni, imeonekana katika baadhi ya tafiti kushusha sukari ya damu. Mtu anayetumia vidonge vya kisukari akiongeza kitu kingine kinachoshusha sukari, anaweza kushuka hadi kiwango cha hatari, hasa akiwa mzee anayekula kidogo. Akipenda kitu cha moto cha kunywa jioni, mchaichai usiotiwa sukari unatosha. Akitaka kweli mitishamba kama tiba, ipo Taasisi ya Tiba Asili katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambako jambo hili husomwa kitaaluma, lakini mtu wa kwanza kuulizwa awe daktari anayemwandikia dawa, na aende na vidonge vyake vyote mkononi. Wewe pia, kama bado unanyonyesha, usiinywe, kwa kuwa seji kwa jumla ina sifa ya kupunguza maziwa.

Kama unachokitafuta ni harufu nzuri nyumbani na mbu wachache, nitasema waziwazi kwamba unayo mimea iliyo bora zaidi kwa mahali ulipo. Kivumbasi huota Dar bila kubembelezwa, hustahimili masika, na watu wengi wamekuwa wakikiweka madirishani au kukisugua mwilini kwa ajili ya mbu tangu zamani. Mrehani uliopandwa karibu na mlango huachia harufu kila nguo inapougusa, bila moshi wowote. Hata hivyo kinga ya mtoto dhidi ya malaria ibaki kuwa chandarua chenye dawa, na hakuna jani, la kwetu au la ugenini, linaloweza kuchukua nafasi yake.

Vile vicha vya mtandaoni sikushauri uvinunue. Muuzaji mara nyingi hawezi kukuambia vilikatwa wapi, na seji nyeupe nyingi inayouzwa duniani hukatwa porini bila kibali huko California, kwa kiasi kwamba askari wamekuwa wakiwakamata wezi wake katika hifadhi ya North Etiwanda, iliyoko kaunti ya San Bernardino. Kwa mataifa ya wenyeji wa eneo hilo, kama Chumash, Cahuilla na Kumeyaay, mmea huu ni chakula, dawa na sehemu ya ibada. Wacahuilla walisaga mbegu zake na kuzipika uji. Ibada nyingi za wenyeji wa Marekani zilikuwa zimewekewa vizuizi hadi sheria ya uhuru wa dini zao ilipopitishwa mwaka 1978, na wengi wao husikitika kuona kitu walichozuiwa kukitumia sasa kikibebwa kwa magunia na watu wasiowajua. Ndiyo maana ninafurahi kwamba wewe unataka kuotesha wako mwenyewe: mmea mmoja uliopandwa nyumbani haumnyang'anyi mtu yeyote kitu.

Lakini uoteshe kwa njia halali. Mbegu kutoka nje ya nchi, hata chache ndani ya bahasha, zinahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea kutoka zinakotoka, na msimamizi wa jambo hilo ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, yenye wakaguzi bandarini na katika uwanja wa ndege. Najua wifi yako alituma kwa upendo. Sababu ya sheria ni kwamba mbegu inaweza kubeba virusi au ukungu ambao haupo nchini, na mkulima wa nyanya wa Ilula ndiye atakayelipa gharama. Kama umebakiza mbegu, wasiliana nao kabla ya kuzipanda, na safari ijayo omba kibali kwanza.

Udongo wa ndoo zile usiurudie kwa miche yoyote, wala usiumwage kwenye tuta la nyanya au pilipili, kwa sababu vimelea bado vimo. Sugua ndoo kwa sabuni, zianike juani siku kadhaa, kisha uzitumie kwa kazi nyingine. Na ikiwa miche ya Juni nayo itaanza kuwa myeusi shinani licha ya haya yote, usinyunyizie dawa kwa kubahatisha. Ng'oa mche mmoja mzima ukiwa bado na uhai, pamoja na udongo unaozunguka mizizi, utie kwenye mfuko na kuupeleka siku hiyo hiyo kwa afisa ugani wa kata yako. Akishindwa kuutambua, sampuli hiyo inaweza kupelekwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na mwambie pia umemwagilia kwa maji gani na mara ngapi, maana hilo halionekani kwa darubini.